"Imetosha," Alisema, na Randa Ikaendelea

Mjomba alikuwa kainama kwenye meza yake ya useremala, mkono mmoja kwenye randa, mwingine umekandamiza ubao, na maranda yamejaa chini mpaka yanamfunika viatu. Mimi nilikaa pembeni na simu yangu. Ubao wenyewe ulikuwa wa kukalia wa stuli, ulibenuka kidogo upande mmoja, ilikuwa kazi ya kuusawazisha tu basi. Nikaona muda unaenda. Nikamuuliza, "Mjomba, bado tu?"

"Imetosha hii," akajibu bila kugeuka.

Randa ikapita tena. Na tena.

Nikajua anamalizia. Nikarudi kwenye simu, baadaye kidogo nikamwambia mjomba si umesema imetosha, akasema "ndiyo, imetosha, ikizidi hapa ubao unaharibika", yaani akanipa na sababu kabisa, kwa sauti ile ile ya fundi anayemwelekeza kijana wake, na huku mkono unaenda mbele unarudi nyuma, mbele nyuma, maranda membamba yanajikunja yanadondoka. Nikanyanyuka kuangalia. Ubao ulioanza na inchi moja ulikuwa umebaki kama nusu, na katikati umeshaingia bonde.

Nilimshika mkono ndo akaacha.

Halafu nikasema neno ambalo wiki zote hizi linaniamsha usiku. Nilimwambia, "Mjomba, wewe unafanya makusudi."

Hakunijibu. Akautazama ubao, akautazama mkono wake, akakaa kwenye maranda.

## Karatasi iliandika amepona

Alianguka kutoka juu ya ngazi, akapiga paji la uso. Picha ya kichwa ilionyesha michubuko na damu kidogo upande wa mbele wa ubongo, kulia na kushoto, akalazwa, damu ikanywea yenyewe bila upasuaji, akaruhusiwa. Anatembea, anaongea vizuri, anakumbuka majina yetu wote mpaka ya watoto waliozaliwa juzi. Ukimuuliza leo tarehe ngapi anakwambia. Karatasi ikaandikwa hali nzuri na sisi tukaamini, kwa sababu aliyekuwa mbele yetu alikuwa ni mjomba yule yule.

Hakuna aliyetukalisha chini akatuambia mtaona nini mkifika nyumbani.

Tulichokiona ni hiki. Asubuhi anti anamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja kimevaliwa, kingine kipo mkononi, anamuuliza kulikoni, anasema "navaa viatu, natoka". Nusu saa baadaye bado anavaa viatu, anatoka. Mtu aliyekuwa anaendesha kazi nne kwa wakati mmoja, huku kitanda, kule mlango, na mteja yupo kwenye simu, sasa anapaka gundi kwanza halafu ndo anakumbuka hajatoboa. Akianza hajui kuacha, akiacha hajui kuanza.

Kwenye familia kila mtu akawa na neno lake. Kajiachia. Kawa mvivu. Mzee mmoja akasema sikio la kufa halisikii dawa. Na mimi, niliyekuwa najiona namwelewa kuliko wote, nikaja na langu la makusudi.

Ila lile neno lilinikwama kwa sababu moja. Mtu anayefanya makusudi hakwambii sababu ya kuacha kile anachokifanya. Hakuelezi kwa utulivu kwamba ubao unaharibika. Sikio lake lilisikia vizuri kabisa, mdomo ukasema sawasawa, mikono nayo ilikuwa mizima, kila pasi ya randa imenyooka. Kila kipande kilikuwepo. Kitu cha katikati, kinachobeba neno kutoka kwenye kichwa mpaka kwenye mkono, ndo nilikuwa bado sijakiona.

Nikaanza kukitafuta.

## Mtu mwingine, ubao mwingine

Usiku mmoja nilikuwa nasoma habari za Alexander Luria, mtaalamu wa Kisovieti wa saikolojia ya ubongo, ambaye wakati wa Vita ya Pili ya Dunia aliishi na kazi ya kuwapima na kuwarudisha kwenye maisha askari waliojeruhiwa kichwani. Aliandika sana kuhusu walioumia mbele. Unamwambia mgonjwa inua mkono, anarudia, ndiyo, niinue mkono, na mkono umelala pale pale. Anaelewa. Anaweza kukueleza umemwambia nini. Basi tu.

Mbele kidogo nikakuta habari ya mgonjwa aliyepewa kazi kwenye karakana, apige randa ubao. Akapiga. Ubao ukapungua, akaendelea, ubao ukaisha wote, akaendelea na meza iliyokuwa chini yake.

Nilifunga simu nikakaa gizani.

Sijui kama nitaeleza vizuri nilichohisi. Kuna nafuu, maana kumbe kitu kina jina na kina watu waliokiona zamani sana kabla sijazaliwa. Na kuna aibu nzito, maana kama kilishaonekana na kuandikwa, basi mimi nilimtukana mtu kwa jeraha lake, sawa na kumwambia aliyevunjika mguu kwamba anachechemea makusudi.

## Kile kinachoshika nia

Sehemu ya mbele ya ubongo ni kubwa, karibu theluthi moja ya gamba lote la nje, inaanzia nyuma tu ya paji la uso inakwenda mpaka karibu na utosi. Na sio kitu kimoja. Ile ya nyuma kabisa kwenye hilo eneo ndo inayotuma amri za misuli, vidole, mkono, mdomo. Kwa mjomba hiyo haikuguswa, ndo maana randa yake imenyooka mpaka leo. Mazoea ya miaka ya kazi, namna ya kushika, namna ya kusukuma, yamejengeka pia kwenye sehemu nyingine za ndani na nyuma ya ubongo ambazo ziko salama.

Kilichoumia ni kile cha mbele zaidi, ambacho wataalamu wanakipa majukumu wanayoyaita kazi za utendaji. Kupanga hatua, kushika kitu akilini huku unakitumia, kujizuia, kubadilisha mwelekeo mambo yakibadilika, kujikagua kama unachofanya bado ndicho ulichokusudia. Ukiangalia hiyo orodha hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho. Huwezi kumwangalia mtu ukasema huyu anajizuia. Unakiona siku kikikosekana, na siku hiyo unakiita tabia mbaya.

Ajali za kichwa zina kawaida ya kuumiza eneo hili kwa sababu moja ya kimwili kabisa. Mfupa ulio juu ya macho, ambao ubongo wa mbele umeukalia, upande wa ndani una matuta na kingo. Kichwa kikisimama ghafla ubongo unaendelea kwenda, unajisugua pale. Ndo maana mtu anaweza kupigwa kisogoni na bado akaumia mbele.

Sasa kuna majaribio ambayo yalinisaidia kuliko maelezo yote. Mwaka 1971 Joaquín Fuster na Garrett Alexander walichapisha kazi waliyofanya na nyani. Nyani anaona chakula kinafichwa upande mmoja kati ya miwili, halafu pazia linashushwa, anasubiri, pazia likipanda anachagua. Wakasikiliza seli moja moja za ubongo wa mbele. Wakati wa kusubiri, hakuna cha kuona wala cha kushika, zipo seli zilizoendelea kufyatua ishara, kana kwamba zimeshika kile kitu mkononi zisikiangushe mpaka muda wake ufike.

Hapo ndo nikaelewa neno nia kwa namna ambayo sikuwahi.

Tunasema penye nia pana njia, na tunaisema kama vile nia ni kitu kinachoelea tu, cha moyoni, ukiwa nacho umemaliza. Kumbe nia inahitaji kushikwa. Kuna nyama inayoishika, sekunde kwa sekunde, isizidiwe na kile ambacho mkono umeshakizoea. Mjomba aliposema imetosha, nia ilikuwepo, kweli kabisa. Ilikuwa haina wa kuishika mpaka iufikie mkono, na mkono ulikuwa na mazoea ya miaka mingi yanayousukuma mbele.

Na ndo hivyo hivyo kwenye kiatu. Nilikuwa naona ni matatizo mawili yanayopingana, huku anashindwa kuacha, kule anashindwa kuanza. Sasa naona ni moja. Kuanza ni kuachana na kukaa.

(Kuna tofauti za maeneo hapo, na daktari wa neva atakwambia kukosa msukumo kabisa wa kuanza mara nyingi kunatokana zaidi na sehemu za katikati, pale pande mbili za ubongo zinapotazamana, na kung'ang'ania na kushindwa kupanga kunahusishwa zaidi na za pembeni juu. Ajali haichagui eneo moja likawa safi na lingine likachafuka, inagusa huku na huku.)

## Kwa nini ofisini alipita

Hili ndo lilinikera kuliko yote. Alipimwa! Alikaa mbele ya daktari, akaulizwa maswali, akajibu yote. Anti alirudi nyumbani amefurahi siku ile.

Kuna kisa ambacho nadhani kila familia yenye mgonjwa wa namna hii ingesomewa. Wilder Penfield, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kule Montreal, mwaka 1928 alimfanyia upasuaji dada yake mwenyewe, Ruth. Alikuwa na uvimbe upande wa mbele kulia, ikabidi kipande kikubwa cha ubongo wa mbele kitolewe. Ruth alikuwa mama wa watoto sita, na baada ya upasuaji aliongea vizuri, alicheka, akili yake ukiongea naye ilikuwa ile ile. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye akaamua kuandaa chakula cha jioni, mgeni ni kaka yake, na wengine ni watu wa nyumbani. Kitu alichokifanya maisha yake yote.

Muda ulipofika Penfield alimkuta jikoni. Vitu vyote vipo. Kimoja au viwili viko jikoni vinaiva, saladi haijaandaliwa, nyama haijaanza kabisa, na Ruth amesimama katikati ya hivyo vyote amechanganyikiwa, amechoka kwa kuhangaika peke yake muda mrefu. Akasaidiwa, na kwa msaada kazi ikaisha haraka, wakala, na mezani aliongea na kucheka kama kawaida. Penfield na Joseph Evans waliiandika mwaka 1935.

Nimekisoma mara nyingi. Kinachoniuma ni pale mezani. Mgeni aliyefika muda wa kula tu angesema huyu mama hana tatizo.

Na ofisi ya daktari ni kama ile meza. Daktari ndo anayeanza, ndo anayesema sasa tuende swali la pili, ndo anayesema inatosha asante. Kila swali lina mwanzo na mwisho ambao mgonjwa hakuutengeneza. Yaani kwa dakika zile, ubongo wa mbele wa mgonjwa ni daktari mwenyewe aliyekaa upande wa pili wa meza. Anapima kitu alichokikopesha.

Mwaka 1991 Tim Shallice na Paul Burgess waliliweka hili wazi. Walikuwa na wagonjwa watatu wenye majeraha ya mbele, wenye akili nzuri kwenye vipimo vya kawaida, na wengine walifanya vizuri hata kwenye vipimo vilivyokusudiwa kushika matatizo ya mbele. Wakawatoa nje, wakawapa orodha ya shughuli za mtaani, nunua hiki, uliza kile, ufike mahali fulani dakika 15 baada ya kuanza, na masharti machache. Mambo ambayo wewe na mimi tunayafanya tukiongea na simu. Huko ndo wakaharibu, wakavunja masharti, wakasahau kazi, wakarudia.

Kwa hiyo ukiambiwa ndugu yako kapita vipimo na nyumbani unaona hapana, amini macho yako, na uyaandike. Siku, saa, alikuwa anafanya nini, nani alikuwa karibu. Sisi tulikaa miezi bila kuandika, na tuliporudi kwa daktari tulikuwa na malalamiko matupu, "amebadilika", "hasikii". Tulipokwenda na daftari la anti, lenye kile kiatu na ile gundi na ule ubao, mazungumzo yalikuwa mengine kabisa na tukapelekwa kwa mtaalamu wa utengamao, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zake za kila siku.

## Lile swali la lawama

Hapa ndo nilikaa sana na sijatoka vizuri.

Kwa sababu mjomba hakubadilika kwenye mbao tu. Zipo siku anamwambia anti maneno mazito mbele za watu, maneno ambayo kabla ya ajali asingeyatamka hata chumbani. Anayasema kwa urahisi, kama anayesema kuna jua. Na anti anaumia, sio kidogo. Nikimwambia anti ni ubongo, ananiangalia ananiuliza, "Sasa maumivu yangu niyapeleke kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Na sitaki kujifanya ninalo.

Najua sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, ile inayokaa juu ya macho, ndo inayohusika sana na kupima uzito wa jambo, hili litauma, hili litaleta aibu, hili niliache. Paul Eslinger na Antonio Damasio walieleza mwaka 1985 habari za mtu aliyeondolewa uvimbe eneo hilo. Vipimo vya akili alipata alama za juu kabisa, na maisha yake yakaporomoka, kazi, ndoa, pesa, akawa anatumia masaa kuamua tu aende kula wapi. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu maamuzi mazuri. Ukimpa kisa cha mtu mwingine anakutatulia.

Ila nikilipeleka hili mpaka mwisho naogopa. Maana kila mtu ana ubongo wa mbele, na wa kila mtu una siku mbaya. Usingizi ukikosekana unalegea. Stresi kali inaunyima utulivu, kemikali kama dopamini na noradrenalini zikizidi kiwango seli zile zinazoshika nia zinapoteza mshiko, na ubongo unarudi kwenye mazoea. Vijana wao bado haujakomaa, unaendelea kujengwa mpaka miaka ya 20 na kitu. Sasa tukisema asiyeweza kujizuia hana lawama, tumwachie nani lawama? Aliyelala vizuri?

Nilizunguka na hilo swali siku nyingi, naosha vyombo nalo, naenda kulala nalo. Kilichonisogeza kidogo ni anti mwenyewe. Aliniambia yeye hataki mjomba alaumiwe, anataka tu isichukuliwe kwamba kwa kuwa hana lawama basi na yeye hajaumizwa. Kwamba tuache kuchagua mmoja. Tangu hapo mjomba akisema neno baya mbele yetu, hakuna anayemfokea, ila mmoja wetu anamwambia palepale kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, hilo limemuuma anti." Hapo analiona. Macho yanabadilika, anaomba radhi, na anaomba kweli. Kupima uzito wa neno bado anaweza, ila mpaka liwe limeshatoka na mtu mwingine kalinyanyua mbele yake.

Kwa hiyo sio kwamba hajali. Kujali kunachelewa kufika.

## Gage, sehemu inayoachwa

Ukitafuta chochote kuhusu ubongo wa mbele utakutana na Phineas Gage ndani ya dakika moja. Tarehe 13 Septemba 1848, Cavendish, Vermont, msimamizi wa ujenzi wa reli mwenye miaka 25, baruti ikalipuka, nondo ya zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 ikaingia chini ya shavu la kushoto ikatokea juu ya kichwa. Akaishi. Daktari wake, John Harlow, akaja kuandika kwamba marafiki walisema huyu sio Gage tena. Wengi wanaishia hapo, na mimi niliishia hapo mara ya kwanza nikafunga nikiwa nimekata tamaa.

Ila Gage aliishi karibu miaka 12 baada ya ile ajali. Na miaka mingi kati ya hiyo alikuwa Chile, tangu 1852, akiendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Hebu fikiria hiyo kazi. Uamke mapema, uwaandae farasi, abiria wapande, uongoze wanyama kadhaa kwa pamoja kwenye njia ngumu. Mtafiti Malcolm Macmillan, aliyefuatilia maisha ya Gage kwa miaka mingi, amesema kazi ya namna hiyo yenye mpangilio ule ule kila siku huenda ndo ilimrudishia sehemu ya uwezo wake, na kwamba yule Gage wa visa, mlevi asiyefaa kitu, hana ushahidi wa kutosha nyuma yake.

Hiyo ndo iliyonigeuza. Barabara ilikuwa inamshikia nia. Hatua moja inavuta nyingine, farasi wakishafungwa kinachofuata ni abiria, abiria wakishapanda kinachofuata ni safari. Nikawaza, mjomba hana barabara. Tumemrudisha kwenye karakana ambayo kila kitu ndani yake kilikuwa kinaendeshwa na kichwa chake, tukamwambia haya, endelea ulipoishia.

## Mstari wa penseli

Kabla ya lolote nilimwomba radhi. Nilimkuta karakana, nikamwambia mjomba, siku ile nilikukosea, hukuwa unafanya makusudi.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilikuwa nimekubali. Nilijiuliza nikasema labda kweli, maana mkono ni wangu."

Wiki nzima mtu alikaa na hilo, na aliyempa ni mimi.

Mtaalamu wa utengamao alitufundisha kitu kidogo ambacho kina historia ndefu. Peter Gollwitzer ameandika miaka mingi kuhusu mipango ya "likitokea hili, nafanya lile". Ukisema tu nitaacha ikitosha, umekiachia kichwa kazi yote ya kuamua imetosha saa ngapi. Ukisema nikiona kitu fulani, nafanya kitu fulani, kile kitu chenyewe ndo kinakuamsha. Mwaka 2001 yeye na Angelika Lengfelder walionyesha kwamba mpango wa hivi unasaidia hata watu wenye majeraha ya ubongo wa mbele. Na ukifikiria inaeleweka. Daktari Mfaransa, François Lhermitte, mwaka 1983 alieleza wagonjwa ambao ukiwawekea miwani mbele wanaivaa, ukiweka ya pili wanavaa juu ya ya kwanza, bila kuambiwa. Kitu kikiwa mbele yao kinawavuta. Randa mkononi mwa mjomba ilikuwa inamvuta hivyo hivyo. Basi tukasema, kama vitu vinamvuta, tuweke na vya kumvuta upande tunaoutaka.

Tukakaa wawili tukachora. Ubao wa stuli nyingine, unene wa inchi moja, pembeni kote nikazungusha mstari wa penseli nzito, chini kidogo ya uso wa juu wa ubao. Yeye ndo alichagua maneno na akayasema kwa sauti mara kadhaa: "Nikifika kwenye mstari, naweka randa kwenye kiti." Kiti tukakiweka nyuma yake, sio mezani, kwa sababu randa ikiwa mbele ya macho inarudi mkononi. Na ukutani nikabandika karatasi ya hatua, herufi kubwa. Randa. Pima. Toboa. Gundi. Msasa.

Siku ya kwanza aliupita mstari. Aliuona, akasema "mstari huu hapa", na randa ikaupita. Nilitaka kulia. Nikakumbuka kwamba tulisema maneno bila kuzoesha mwili, kwa hiyo kesho yake hatukupiga randa kabisa, tulizoea mwendo tu, natelezesha kidole changu kwenye mstari, yeye anageuka, anaweka randa kwenye kiti. Tena. Tena. Anti alikuwa mlangoni anatuangalia kama watoto wanaocheza.

Siku ya tatu tukachukua ubao mpya. Akapiga upande wa kwanza, maranda yanadondoka, mimi nimekaa palepale nilipokaa siku ile, safari hii simu iko mfukoni. Nikaona mstari unakaribia. Sikusema kitu. Moyo ulikuwa unanipiga kama naangalia mtoto anavuka barabara.

Randa ikagusa penseli. Mkono ukasita, ukarudi nyuma kama unataka kupita tena, ukasimama hewani. Mjomba akageuka, mwili mzima, akaiweka randa kwenye kiti, taratibu, kwa ubavu, kama fundi anavyoilaza ili makali yasiguse kitu.

Akasimama mikono mitupu, akinitazama.

"Na sasa?"

Nikamwonyesha ukutani kwa kidole.

"Pima," akasoma, akaanza kupapasa mifuko akitafuta futi.